Gesi Iliyokosa Njia: Kwa Nini Volkano Nyingine Hulipuka

  Leo nataka tuzungumze juu ya milima iliyo mashariki yetu sisi wa Tunduma, ile ambayo wengi wenu madereva wa malori mnaipita usiku mkiwa mmechoka, macho yako barabarani.

Tuanze karibu na nyumbani. Ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya, ukishaiacha Mlowo na kuteremka upande wa Nanyala na bonde la Mto Songwe, unaingia kwenye nchi ya mawe meupe. Watu huyachimba na kuyaita marumaru. Kuna chemchemi za maji moto pale, na kuna mapango wanamokaa popo. Mawe yale yote yametengenezwa na maji. Maji ya chini ya ardhi hupashwa joto, hubeba hewa ukaa inayotoka kilindini, na kwa nguvu ya hewa hiyo huyeyusha chokaa ya miamba yanayopitia. Yakifika juu, hewa ukaa inatoroka, chokaa inabaki, inaganda tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo imefanyika kwa maelfu ya miaka bila kishindo, mpaka limejengeka jabali zima.

Sasa, kilomita kama 40 tu kutoka hapo, upande wa kusini mashariki, upo Mlima Ngozi wenye ziwa lake la kijani kileleni. Huko nako gesi ilitoka ardhini. Lakini ilipotoka iliupasua mlima, ikatawanya mwamba uliokuwa unawaka ukawa vumbi, na kilele kikadidimia, ndipo pakapatikana bakuli lile linaloshika ziwa. Gesi ya Songwe ilikuwa na njia ya kutokea, ya Ngozi haikuwa nayo. Yote nitakayoeleza jioni hii yanazunguka jambo hilo moja.

Kabla sijaenda mbali, niondoe dhana inayosikika sana huku kwetu. Kilele cha Mbeya na Mlima Loleza, vile vinavyoonekana vimesimama juu ya jiji, si volkano. Miamba yake ni ya kale mno, na imeinuliwa na nyufa za Bonde la Ufa. Volkano zetu ziko ng'ambo ya barabara kuu, upande wa kusini: Ngozi, Rungwe, na Kyejo, pamoja na vilima vidogo vingi vinavyozizunguka. Ziko pale kwa sababu matawi matatu ya Bonde la Ufa yanakutana hapo: tawi la Rukwa linalotoka kwetu, tawi la Usangu, na tawi la Ziwa Nyasa. Ardhi inayovutwa pande tatu huwa nyembamba, na penye wembamba ndipo joto la chini linapopata upenyo.

Huko chini, miamba inapoyeyuka, tunapata kile ambacho watoto wetu hufundishwa shuleni kwa jina la magma. Ikishamwagika juu ya ardhi inaitwa lava. Wengi tukifikiria magma tunafikiria moto na mwamba ulioyeyuka, tunasahau kitu cha tatu ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote, nacho ni gesi. Ndani ya magma kuna maji, kuna hewa ukaa, kuna gesi za salfa. Huwezi kuziona, kwa sababu uzito wa kilomita kadhaa za mwamba ulioko juu yake unazikandamiza mpaka zinayeyukia ndani ya magma yenyewe. Magma nzito iliyoko kilomita kadhaa chini inaweza kushika maji yenye uzito wa asilimia 4 au 5 ya uzito wake wote. Utasema hicho ni kiasi kidogo. Lakini lita moja ya maji ikigeuka mvuke huku juu inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na hiyo ni kwa joto la sufuria inayochemka tu. Kwa joto la magma, nafasi inayodaiwa ni kubwa zaidi ya hapo mara kadhaa.

Magma inapopanda, mzigo ulioko juu yake unapungua. Mzigo ukipungua, gesi haiwezi tena kubaki imeyeyuka, inaanza kujitenga na kuunda mapovu. Na hapa ndipo njia za volkano zinapoachana.

Mama anayesonga ugali analijua jambo hili kuliko wengi wetu. Uji mwepesi ukichemka, mapovu hupanda na kupasuka juu, mvuke ukaenda zake. Uji ukishaongezwa unga na kuwa mzito, povu linakwama, linavimba palepale, na likipasuka linarusha tone la moto linalounguza mkono. Moto wa mafiga ni uleule na maji ni yaleyale, kilichobadilika ni uzito wa uji.

Katika magma, kinacholeta uzito huo ni silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, ambao ndio tunaoukuta katika mchanga mweupe na katika kioo. Silika hushikana yenyewe kwa yenyewe, inaunda minyororo na nyavu ndani ya magma. Ikiwa kidogo, chini kidogo ya nusu au kama nusu ya uzito, magma inatiririka vizuri. Hiyo ndiyo magma ya basalti, na joto lake hufika nyuzi 1,100 au 1,200. Silika ikizidi asilimia 60, na joto likishuka hadi nyuzi 800 au 900, magma inakuwa na mnato mkubwa kuliko ule wa basalti mara mamilioni. Povu ndani ya magma ya namna hiyo haliendi popote. Linakua tu. Na majirani zake nao wanakua. Mapovu yanapofikia kama robo tatu ya ujazo wote, kuta zinazoyatenganisha zinakuwa nyembamba mno, haziwezi tena kuhimili. Zinapasuka zote kwa pamoja, na ile iliyokuwa magma yenye mapovu ndani yake inageuka kuwa gesi yenye vipande vya magma ndani yake. Mabadiliko hayo huchukua muda mfupi sana. Kuanzia hapo hakuna tena kitu cha kutiririka, kuna mlipuko unaotoka kwenye koo la mlima kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde.

Vipande vile vikipoa hewani ndiyo majivu ya volkano. Na yale mawe mepesi yenye matundu, yanayoelea majini, ambayo watu wengine huyatumia kusugulia nyayo, huitwa pumisi. Ni povu la magma lililoganda likiwa bado limevimba. Ukipata nafasi ya kushika jiwe la pumisi, litazame kwa makini. Kila tundu unaloliona ni gesi iliyotafuta njia ikaikosa.

Mkisafiri kwenda Tukuyu, kwenye kingo za barabara zilizochongwa na katika mashimo wanakochimba udongo wa kufyatulia matofali, mtaona tabaka za rangi ya kijivu na njano iliyopauka zimelala kati ya udongo mweusi. Msizipite hivihivi. Moja ya tabaka hizo ilimwagwa na Mlima Rungwe miaka kama 4,000 iliyopita. Watafiti, akiwemo Profesa Evelyne Mbede wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliifuata tabaka hiyo kijiji kwa kijiji, wakipima unene wake na ukubwa wa vipande vya pumisi, na mwaka 2011 wakachapisha walichokikuta. Nguzo ya majivu ilipanda zaidi ya kilomita 30 angani, juu mara tatu ya zinakopita ndege za abiria. Na jambo lililowashangaza ni kwamba siku ile hapakuwa na upepo wa maana. Kwa kawaida majivu hulala upande mmoja tu, upepo unakoelekea, na wanaokaa upande wa pili hunusurika. Haya yalianguka kuzunguka mlima pande zote karibu sawasawa.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Miaka 4,000 iliyopita bonde la Nyasa na milima ya Uporoto havikuwa tupu. Binadamu walikuwa wakiishi katika sehemu hizi za Afrika, wakiwinda na kuvua. Mtu aliyekuwa kilomita 20 kutoka mlimani alikimbilia wapi, wakati kila upande kunanyesha mawe? Hakuna simulizi iliyobaki ya siku hiyo. Kilichobaki ni ile tabaka ya pumisi ardhini, na tunaisoma kwa rula na kwa nyundo ya mwanajiolojia.

Ngozi nao una historia yake. Pumisi yake iliyolipuka miaka kama 12,000 iliyopita inakutwa mpaka kwenye uwanda wa Kitulo, ndiyo maana wanasayansi wakaipa jina la Kitulo. Halafu, chini ya miaka 1,000 iliyopita, Ngozi ikalipuka tena. Safari hii iliteremsha mtiririko wa majivu na gesi moto ulioambaa ardhini kuelekea kusini kwa kilomita kama 10. Mtiririko wa namna hiyo ndio unaoua kuliko kitu kingine chochote katika volkano. Mwaka 1902, kule kisiwani Martinique, mlima Pelée uliushushia mtiririko kama huo mji wa Saint-Pierre, na katika dakika chache watu karibu 28,000 walikufa. Hakuna mbio zinazoweza kuushinda.

Lakini sasa tumtazame ndugu wa tatu, Kyejo. Mwaka 1800 hivi, kwa simulizi za wazee wa Kinyakyusa zilizoandikwa baadaye na watafiti, ubavu wa Kyejo ulifunguka mahali paitwapo Sarabwe, lava ikatoka na kuteremka kilomita kama 8. Lava ile ilitembea, watu wakaiona, wakahadithia watoto wao. Hapakuwa na nguzo ya kilomita 30. Huu ni mlima unaopakana kabisa na Rungwe, juu ya ardhi ileile, na magma inayotoka kilindi kilekile. Kwa nini mmoja ulipuke na mwingine utiririke?

Jibu lake ndilo ninaloliona la maana kuliko yote katika mazungumzo haya. Magma inayotoka kilindini kuja moja kwa moja juu, kama ya Kyejo, huwa bado ina silika kidogo, moto wake mkali, na mnato wake mdogo. Lakini magma ikisimama njiani, ikajaza chumba kilomita kadhaa chini ya mlima na kukaa humo karne kwa karne, inaanza kupoa polepole. Inapopoa, fuwele za madini zinajitenga na kutuama, na fuwele za kwanza huchukua chuma na magnesi kwa wingi huku zikiacha silika na maji. Kinachobaki juu yake kinazidi kuwa kizito, na kinazidi kujaa gesi. Hivyo ndivyo magma ya basalti inavyogeuka kuwa magma ya trakaiti na fonolaiti, ambayo ndiyo iliyolipuka Rungwe na Ngozi. Kwa maneno mengine, muda wenyewe ndio unaoitengeneza hatari. Mlima ukiwa kimya miaka mingi, kimya hicho kinaweza kuwa ndicho kipindi ambacho magma iliyoko chini inakuwa na mnato zaidi na gesi zaidi.

Kwa hiyo mtu anaposema Rungwe umelala tangu enzi za mababu, basi umekufa, mimi nauliza tangu lini kulala kukawa kufa. Mlima Pinatubo kule Ufilipino ulikuwa kimya kwa miaka kama 500. Ulifunikwa na msitu, watu wakalima mitelemko yake kama watu wanavyolima viazi na kuvuna chai mitelemko ya Uporoto na Rungwe. Aprili 1991 ulianza kutoa mvuke, na tarehe 15 Juni mwaka uleule ukalipuka mlipuko mmoja mkubwa kuliko karibu yote ya karne ya 20. Maelfu ya watu waliokolewa kwa sababu wanasayansi wa Ufilipino na wa Marekani waliweka vipimo vya mitetemo, wakasoma ishara, wakatangaza, na serikali ikahamisha watu mapema. Nitalirudia hilo baadaye kidogo.

Nisije nikawaacha mkidhani kuwa silika ndiyo kila kitu. Kuna milipuko isiyoihitaji. Upande wa Masoko, kusini ya Tukuyu, kuna ziwa dogo la duara linaloitwa pia Kisiba. Ziwa lile ni shimo la mlipuko uliotokea magma ilipokutana na maji yaliyokuwa tayari ardhini. Magma ya nyuzi elfu moja ikigusa maji, maji hayana subira. Yanageuka mvuke papo hapo na kurusha kila kilichoko juu yake. Hapo hata magma nyepesi inaweza kuchimba shimo. Maziwa mengine kadhaa madogo ya duara ya Rungwe na Busokelo yana asili ya namna hiyo.

Na huko kaskazini mwa nchi yetu upo Ol Doinyo Lengai, mlima wa Wamaasai, wenye lava isiyopatikana leo kwenye volkano nyingine yoyote duniani. Lava yake kwa kawaida ina silika kidogo mno, imejaa sodiamu na kaboneti, joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, na inatiririka kwa wepesi wa maji. Inatoka nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewani inageuka nyeupe. Kwa kanuni niliyowapa, mlima huo usingepaswa kulipuka kamwe. Lakini ulilipuka mwaka 1917, mwaka 1940, mwaka 1966, na tena tarehe 4 Septemba 2007, majivu yakapanda kilomita nyingi na wafugaji wakahama na mifugo yao. Maelezo ya wataalamu ni kwamba magma mpya yenye silika ilipanda kutoka chini, ikachanganyika na ile ya kaboneti, na kaboneti ikavunjika ikaachia hewa ukaa kwa wingi kwa mara moja. Gesi ikawa nyingi kuliko njia iliyokuwepo. Tumerudi palepale tulipoanzia.

Mkoa wetu wa Songwe unamiliki mabaki ya volkano ya ukoo huo wa Lengai, ingawa wachache wanalijua hilo. Kilima cha Ngualla, kule wilaya ya Songwe, ambako watu wanazungumzia mradi wa madini adimu, ni mzizi wa mwamba wa kaboneti uliopanda kutoka kilindini miaka kama bilioni moja iliyopita. Mlima uliokuwa juu yake umeliwa na mvua na mito, umebaki mzizi. Panda Hill, kule upande wa pili wa mpaka wa mkoa, yenye madini ya niobiamu, nayo ni ya ukoo huohuo lakini changa zaidi. Na almasi za Mwadui, alikochimba John Williamson kuanzia mwaka 1940, zilipandishwa kutoka zaidi ya kilomita 100 chini na magma nyingine yenye silika kidogo lakini gesi tele, iliyokuja kwa kasi kubwa kiasi kwamba gesi haikupata nafasi ya kutangulia. Kasi ya magma nayo basi ni hoja. Magma nzito ikipanda taratibu, gesi inaweza kuvuja pembeni kupitia nyufa, na kinachofika juu ni kuba la mwamba mgumu lisilo na makelele. Ikipanda haraka, gesi inakuja nayo yote.

Hata hivyo, huwa nawasihi watu wasiseme volkano isiyolipuka ni salama. Nyiragongo, kule Kongo, lava yake ina silika kidogo sana na inatiririka kwa kasi ya kutisha. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma mpaka ndani ya Ziwa Kivu, na tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena upande wa mji. Na penye mabonde madogo huko Goma, hewa ukaa nzito inatuama chini na kuua mbuzi, kuku, hata watoto. Wenyewe huiita mazuku. Hewa ya namna hiyo inatoka pia ardhini upande wa Kyejo, baridi kabisa, bila moshi wala harufu. Kampuni ya TOL imekuwa ikiivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo huenda gesi ya soda unayokunywa pale stendi ya Tunduma ilianza safari yake chini ya mlima ule.

Niseme neno pia kwa watu wa Momba. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Bonde la Rukwa lina gesi ya heliamu kwa wingi. Mwangalie jinsi ilivyopatikana. Heliamu hiyo ilitengenezwa polepole ndani ya miamba ya kale sana kwa kuoza kwa urani na thoriamu, ikafungiwa humo. Joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungulia. Ukiwa karibu mno na volkano, heliamu inazimwa na wingi wa hewa ukaa. Ukiwa mbali mno, hakuna joto la kuifungua. Visima vilivyochimbwa Itumbula viko katika umbali unaofaa. Kumbe mlima ulioko kwa jirani una uhusiano na ajira ya kijana wa Momba.

Turudi Tunduma. Kutoka hapa hadi Rungwe ni kama kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, na Vwawa ni pungufu ya hapo. Mtiririko wa moto hautatufikia. Kinachoweza kutufikia ni majivu, na majivu ya volkano msiyafananishe na ya kuni. Ni vumbi la kioo na mwamba. Hayayeyuki majini. Yanakwangua mapafu, yanaziba vichujio vya hewa vya injini, na yakinyeshewa mvua yanakuwa mazito kiasi cha kubomoa paa. Pinatubo, wengi wa waliokufa mwanzoni walifunikwa na mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyoloa, kwa sababu kimbunga kilipita siku ileile ya mlipuko. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Mlipuko wa miezi hiyo ungekuwa na sura hiyohiyo.

Halafu fikirini barabara. Mizigo mingi inayokuja Tunduma kutoka bandari ya Dar es Salaam, ya lori na ya reli ya TAZARA, inapita Uyole na Mbeya, chini ya Ngozi. Mwaka 2010 volkano moja ya Iceland, wala si kubwa sana, ilisimamisha ndege za Ulaya kwa siku kadhaa, na wakulima wa maua wa Naivasha, maelfu ya kilomita mbali, wakatupa mavuno yao. Kwetu barabara kuu ni moja. Ikifungwa pale Uyole, mafuta ya Lubumbashi na Lusaka yatasimama hapohapo, na mama ntilie anayewapikia madereva naye atasimama.

Ninavyoona mimi, la kwanza tunalolihitaji ni masikio mlimani. Magma haipandi kimya. Inapasua mwamba, na kila mpasuko ni tetemeko dogo ambalo mtu halihisi lakini kipimo kinalisikia. Ardhi inavimba kwa sentimita. Chemchemi hubadilika joto na harufu. Gesi ya salfa inaongezeka. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ndiyo yenye dhamana ya kufuatilia mambo hayo, na mimi nasema kwa moyo wote kwamba Rungwe na Ngozi zinastahili vipimo vya kudumu vinavyosomwa usiku na mchana, pamoja na fedha za kuvitunza vikishafungwa. Wataalamu wanaotafuta nishati ya jotoardhi pale Ngozi wanachimba na kupima mlima uleule. Takwimu zao zikiwafikia wanaoshughulika na maafa, kazi inakuwa nyepesi.

La pili ni letu wenyewe. Ninyi wa Mbozi na Ileje mnaokwenda Uporoto kununua viazi, na ninyi wenye ndugu Isongole, Kiwira na Busokelo, ulizeni na kutoa taarifa. Chemchemi iliyokuwa vuguvugu ikianza kuchemka, majani yakikauka mahali bila jua kali, ndege na panya wakikutwa wamekufa bondeni, mwambieni mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo, msisubiri kikao. Na ikitokea majivu yakaanza kuanguka, funikeni visima na matangi kabla ya kitu kingine chochote. Mtu afunge kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Mifugo iingie bandani na ilishwe nyasi zilizofunikwa. Paa lifagiliwe mapema, majivu yakiwa bado makavu na membamba, na anayefagia ajifunge kamba, kwa maana majivu yanateleza. Madereva, zimeni injini. Na anayekaa kando ya mto unaotoka upande wa milima hiyo apande juu, kwa sababu mvua ya kwanza itashusha tope la majivu litakalokuja kwa kasi kuliko mafuriko yoyote aliyoyaona.

Juma lijalo, saa hizihizi, tutazungumza kuhusu tetemeko la tarehe 13 Desemba 1910 lililotikisa Bonde la Rukwa, mojawapo ya makubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki, na jinsi ya kujenga nyumba ya tofali isiyomwangukia mwenyewe. Mwenye babu au bibi aliyesimuliwa habari za tetemeko lile, aandike alichosikia, ataje na kijiji, alete hapa studio.